Canon yaandika Err 01, picha zina madoa: nimpe fundi aifungue?

Mwanga_Picha: Wakuu, nipo Kigoma mjini. EOS 1200D na lenzi ya 18-55 inaandika Err 01 nikipiga, na angani kuna madoa meusi. Fundi anataka kuifungua yote. Nikubali?

KiooSafi: Usikubali bado, mkuu. Err 01 maana yake kamera na lenzi haziwasiliani. Zima, toa lenzi, futa zile pini za dhahabu kwa kitambaa laini chenye tone la isopropili (spiriti ya kusafishia) ya 99%. Msasa marufuku: dhahabu ile ni utando tu, ikitoka kutu inaingia. Kisha weka Av (hali ya kujichagulia uwazi wa lenzi, yaani namba ya f). Ikipiga vizuri kwenye 18mm f/3.5 (lenzi wazi kabisa) lakini ikagoma kwenye f/8 (uwazi mdogo), mara nyingi umekatika utepe wa umeme wa diafragma, kile kitundu kinachopunguza mwanga ndani ya lenzi. Huenda bodi ya kamera haina kosa. Jaribu na lenzi nyingine uhakikishe.

Mwanga_Picha: Ahsante sana. Na madoa?

Ujiji_Lenzi: Piga ukuta mweupe kwa f/22, kwa lenzi isiyogoma. Yakibaki palepale kila picha, ni vumbi la sensa (kile kioo cha ndani kinachonasa picha). Chaji betri ijae, toa lenzi, chagua kusafisha sensa kwa mkono kwenye menyu, elekeza mdomo wa kamera chini, puliza kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yataganda.

KiooSafi: Skrubu usiguse kabisa! Kapasita ya flashi hubaki na volti kama 300 hata betri ikitolewa. Ukienda kwa fundi, toa kadi, nakili namba ya utambulisho (serial) iliyo chini ya kamera, bei iandikwe kwanza, na udai utepe wa zamani.