Kisanduku changu hakisikii vihisi vya Bluetooth modemu ikianza kurusha data

fundi_baridi:

Wakuu habari za jioni. Wiki ya pili sasa nimekwama, naombeni msaada.

Nimetengeneza kifaa cha kuangalia joto la mafriza ya samaki. Kuna vihisi sita vya Bluetooth, kila kimoja ndani ya friza yake, kinatangaza joto kila sekunde mbili. Kisanduku cha kati ni cha plastiki, urefu sentimita 12. Ndani kuna ESP32, chipu ndogo yenye Bluetooth, inayosikiliza vihisi, na modemu ya 4G inayopeleka vipimo kwenye seva na kumtumia mwenye mali ujumbe joto likipanda. Antena ya modemu ni ile ya kubandika, ipo kwenye mfuniko, sentimita 4 hivi kutoka ESP32.

Nyumbani Mbagala kilifanya kazi mwezi mzima bila kosa. Nikakipeleka Feri, kwenye stoo ya mama mmoja anayeuza nguru. Stoo ni mabati juu na pembeni. Usiku wa tatu friza moja ikazima, na kisanduku hakikusema kitu. Kilo 40 za nguru zikaharibika. Yule mama hakunigombeza, alinitazama tu, akaendelea kutenga waliooza. Sijalala vizuri tangu siku ile.

Nimeenda kukaa pale na laptop. Modemu ikinyamaza, vihisi vyote sita vinasikika. Ikianza kurusha, vinabaki viwili vya karibu. Kwenye kumbukumbu za usiku ule mtandao ulikuwa hafifu na modemu ilikuwa inarudia kutuma karibu muda wote.

Umeme nimeshaupima: 3.8 V, haushuki chini ya 3.7 hata modemu inapovuta. Nini kingine?

mzee_wa_soda:

Kaka pole sana kwa hasara. Mimi naona ni programu. Bluetooth inarukaruka chaneli na kukwepa zenye kelele, kwa hiyo modemu haiwezi kuiziba yote. Angalia kama ESP32 haiachi kusikiliza wakati inaongea na modemu.

fundi_baridi:

Mkuu hata mimi nilidhani hivyo. Nikaichomoa ile antena, nikaweka nyingine yenye waya wa mita 2, nikaipeleka hadi mlangoni. Programu ni ileile, sikugusa mstari hata mmoja. Vihisi vyote sita vikarudi, modemu ikiwa inarusha. Hapo nikaamini tatizo liko hewani.

dada_masafa:

Jaribio zuri sana hilo, limekuokolea siku nyingi. Sasa iulize modemu iko bendi gani, yaani kipande gani cha masafa ya redio, ikiwa pale stoo.

Na kuhusu kukwepa: Bluetooth inakwepa chaneli mbovu ikiwa vifaa viwili vimeshaunganishwa. Vihisi vyako havijaunganishwa, vinatangaza tu, na matangazo yana chaneli tatu za kudumu: 37 kwenye 2402 MHz, 38 kwenye 2426 na 39 kwenye 2480. Hakuna pa kukimbilia.

fundi_baridi:

Bendi 40, dada. Nyumbani ilikuwa bendi 3.

dada_masafa:

Basi ndiyo hiyo. Bendi 40 inaanzia 2300 MHz na kuishia 2400. Chaneli 37 iko 2 MHz tu juu ya ukuta huo. Na modemu ikizungukwa na mabati haisikiki vizuri kwenye mnara, kwa hiyo inapandisha nguvu, hadi miliwati 200. Hata kama kati ya antena zako mbili kuna upotevu wa desibeli 15, kihisi ambacho ishara yake inafika hafifu, kwa -75 dBm (kipimo cha nguvu ya ishara), kinazidiwa nguvu zaidi ya mara milioni 100. Wewe upo Feri, unajua mnada ulivyo: dalali anapaza bei sikioni mwako, na mtu wa upande wa pili wa meza anakunong'oneza.

Kabla hujaenda kununua kichujio, kile kipande kinachopitisha masafa fulani na kuzuia mengine, elewa kwamba madhara ni mawili. La kwanza, ishara kubwa ya modemu inalemea kipokezi cha ESP32 hadi kinakuwa kiziwi kwa chaneli zote tatu. Hilo kichujio upande wa Bluetooth kinalipunguza. La pili, modemu inamwaga kelele kidogo nje ya bendi yake, na kelele hiyo inatua palepale kwenye 2402. Kichujio chako hakiwezi kuitoa, kwa sababu imeshakuwa na masafa yaleyale ya kihisi. Hiyo inakatwa upande wa modemu tu, na kwa pengo la 2 MHz ni kazi ngumu sana.

Simu zinaponaje? Modemu na chipu ya Bluetooth zinapeana zamu kwa nyaya kati yao. Tena tangu Toleo la 11 la 3GPP, yaani viwango vya mitandao ya simu, simu inaweza kuuambia mnara kwamba redio zake zinagombana, mnara ukaihamishia masafa mengine au ukaipangia vipindi vya kunyamaza. Wewe zamu utazipanga mwenyewe kwenye programu: sikiliza sekunde 50, kisha tuma. Na ifungie modemu bendi 3 kwa amri ya AT (amri za maandishi za kuielekeza modemu), kama inashika pale. Usikimbilie bendi 7 bila kupima: inarusha kuanzia 2500, inaisogelea chaneli 39.

Jambo la mwisho, na naomba ulichukulie kwa uzito. Kihisi kikinyamaza dakika tano, kisanduku kinapaswa kupiga kelele. Nadhani chako kilibaki na kipimo cha mwisho kikidhani mambo shwari.

fundi_baridi:

Dada, ni kweli kabisa. Kilishika -18 usiku kucha.

Narudisha majibu baada ya siku nne. Bendi 3 inashika pale, nusu ya spidi, lakini ninachotuma ni baiti mia chache tu. Vihisi sita, vyote vinasikika. Zamu nimeziweka pia, na modemu ikirudia kutuma zaidi ya sekunde 20 naikatiza nisikilize kwanza. Kengele ya kihisi kunyamaza nimeijaribu mbele ya yule mama: nilitoa betri ya kihisi cha friza ya tatu, tukasubiri pamoja. Dakika ya tano simu yake ikalia. Amekubali kisanduku kibaki.