Mahakama za matibabu kwa waraibu wa heroini: amri ya hakimu na dozi ya methadoni zinakutana wapi?

MsaidiziWaSheria_Ilala

Wakuu, habari za jioni. Tunaandika pendekezo la kuomba waraibu wa heroini wapewe njia ya matibabu badala ya kifungo, hasa wale wanaokamatwa kijiweni na kete moja au mbili za kutumia wenyewe. Mfano tunaoutazama ni zile mahakama za matibabu za Marekani, ambako hakimu husimamia tiba ya mraibu badala ya kumfunga. Dawa kwetu ipo: Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kumeza kila siku badala ya heroini, Februari 2011, Mwananyamala ikafuata 2012 na Temeke 2014.

Naomba wanaojua wanisaidie. Mahakama hizo zinaendeshwaje siku hadi siku? Mtu akifika kliniki kwa amri ya hakimu, ni kipi kinaweza kuharibika? Na huyu mwenye kete moja anahitaji mahakama kweli, au huduma za kupunguza madhara mtaani zingemtosha?

Wakili_Kisutu

Mahakama ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa Miami, Florida, mwaka 1989, jela za kule zikiwa zimefurika kesi za kokeini. Leo Marekani zimepita elfu tatu.

Uti wa mgongo wake ni timu. Kabla ya kikao, hakimu, mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi, afisa uangalizi na mtu wa kliniki wanakaa na kupitia faili moja moja. Kisha mshtakiwa anasimama mbele ya hakimu yule yule, kila wiki mbili katika hatua za mwanzo, na baadaye kwa nafasi zaidi. Miongozo yao inataka hakimu azungumze na kila mmoja walau dakika 3. Ni muda mdogo, lakini uingize kwenye hesabu ya orodha ya kesi za siku katika mahakama ya mwanzo au ya wilaya uone unakula nini. Mkojo hupimwa angalau mara 2 kwa wiki kwa siku zisizotabirika. Programu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na mtu hamalizi mpaka afikishe siku 90 mfululizo bila kutumia.

Kuna milango miwili ya kuingilia, na pendekezo lako liseme wazi linataka upi. Wa kwanza, kesi inasimamishwa kabla ya mshtakiwa kukiri, akimaliza inafutwa. Wa pili, anakiri kosa kwanza, hukumu inaning'inia. Huu wa pili una mtego: anayeshindwa njiani anaweza kuishia na kifungo kirefu kuliko angekiri siku ya kwanza na kupewa adhabu ya kawaida. Mraibu mwenye arosto (mateso ya kukosa dawa) mahabusu atasaini chochote ili atoke, kwa hiyo ridhaa isichukuliwe siku ya kukamatwa.

Kuhusu mwenye kete moja, mahakama hizi zilionekana kufaa kwa mtu mwenye uraibu mzito na anayekabiliwa na kifungo cha maana. Ukimwingiza mtu wa makosa mepesi unambana kwenye programu mwaka mzima kwa kosa ambalo lingeisha kwa faini, na unamkutanisha kila wiki na wenzake waliobobea. Huyo asiingizwe.

Jambo la mwisho, nalo ni zito. Kwa miaka mingi mahakama nyingi za kule zilikataza methadoni kabisa, zikimwambia mtu aache ili ahitimu. Mwaka 2015 serikali ya shirikisho iliweka sharti kwamba mahakama inayokataza dawa hizo isipate fedha zake. Usiache pendekezo lako bila sentensi ya kuzuia kosa hilo.

DirishaLaDozi

Wakili amegusa penyewe. Niseme ya upande wa dirishani, pale kliniki tunapotoa dozi.

Methadoni haipandishwi kwa haraka ya tarehe ya kesi. Siku ya kwanza mtu huanza na miligramu 15 hadi 30, na jumla ya siku hiyo isizidi 40. Baada ya hapo unaongeza 5 hadi 10 kila baada ya siku kadhaa. Sababu ni kwamba dawa hii inakaa mwilini muda mrefu, nusu yake hutoka kwa wastani wa saa 24 hadi 36, hivyo dozi ya leo inamkuta mtu bado ana mabaki ya jana na juzi. Kiwango kwenye damu huendelea kupanda kwa siku kama 5 hata kama hujaongeza kitu. Ndiyo maana wiki 2 za mwanzo ndizo za hatari: dozi iliyoonekana ndogo Jumatatu inaweza kumlaza Alhamisi. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120, na kufika huko ni wiki, si siku. Hakimu akiandika "awe ametulia ndani ya siku 14" anaisukuma kliniki ipandishe kwa pupa.

La pili ni dozi zilizokosekana. Aliyekosa siku 3 harudishiwi dozi yake kamili. Anapimwa upya, mara nyingi anapewa nusu, kisha anapandishwa tena. Aliyekosa siku 5 au zaidi huanza karibu na mwanzo. Sasa weka hapo adhabu ya mahabusu. Miongozo ya Marekani inataka kifungo cha adhabu kisizidi siku 3 hadi 6, wakidhani ni kidogo. Kwa mtu wa miligramu 100 kwenye mahabusu isiyo na methadoni, siku 5 ni arosto kamili, mwili unapoteza mazoea, na akitoka anarudi kwenye unga kwa kipimo chake cha zamani. Hapo ndipo watu wanapokufa. Wiki 2 za kwanza baada ya kutoka gerezani ni kati ya nyakati za hatari kubwa kuliko zote kwa mtumiaji wa heroini. Vivyo hivyo kwa anayetoka sober house (nyumba ya kuacha dawa za kulevya) alikokaa miezi bila dawa.

La tatu, amri isitaje miligramu wala tarehe ya kuacha. Mjamzito, kwa mfano, haachishwi methadoni, na miezi ya mwisho ya mimba huenda akahitaji dozi kubwa zaidi au kugawanywa mara mbili kwa siku. Mwenye TB akianza rifampisini, dawa hiyo inaifanya methadoni iishe haraka na arosto inarudi ndani ya siku chache, dozi lazima ipande. Aliyekuwa kwenye ARV za zamani zenye efavirenzi akahamishiwa TLD (ARV zisizo na efavirenzi) naye aangaliwe, maana efavirenzi ilikuwa ikiimaliza methadoni haraka, na bila hiyo anaweza kusinzia kwa dozi ile ile. Hakimu hawezi kuyajua haya, wala hatakiwi kuyajua. Aulize kliniki jambo moja tu: anahudhuria au hahudhurii?

Mtaani_Keko

Kwa heshima zote kwa Wakili, mimi nisingeanza na mahakama. Hata ikiendeshwa vizuri, inamfikia mtu akishakamatwa, na idadi itakayoingia ni ndogo. Wengine wote wanabaki maskani, na wanahitaji kuwa hai kwanza.

Kifurushi cha Umoja wa Mataifa cha 2009 cha kukabili VVU kwa wanaojidunga kina huduma 9, na bomba safi la sindano lipo la kwanza kwenye orodha, likifuatiwa na tiba kama methadoni. Kinachosahaulika ni kwamba virusi havipiti kwenye sindano peke yake. Homa ya ini C inapita pia kwenye kijiko, pamba na maji mnayochota pamoja, kwa hiyo kugawa bomba bila maji safi na pamba ni kazi nusu. Halafu kuna polisi. Bomba lililotumika likihesabiwa kuwa ushahidi, hakuna atakayelirudisha kwenye kituo cha kugawa mabomba, litatupwa mchangani watoto wanakochezea, na kesho kundi zima litatumia moja. Msaidizi, ombi la kwamba bomba lisiwe msingi wa kumshtaki mtu lina uzito kuliko mahakama nzima. Liweke mbele.

Naloksoni nayo, dawa ya kumwamsha aliyezidisha heroini au opioidi nyingine (dawa za jamii hiyo, kama methadoni). Mtu akizidisha, midomo inabadilika rangi, anakoroma au hapumui, haitiki. Mpulizie pumzi, mchome miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja, rudia baada ya dakika 2 hadi 3 kama hajaanza kupumua. Usimwache aondoke akishaamka. Naloksoni huisha ndani ya saa moja hivi, unga au methadoni bado imo, atazima tena. Kama ni methadoni, hospitali moja kwa moja, maana inadumu zaidi ya siku. Na kama amechanganya na pombe au Valium (dawa ya kutuliza), naloksoni itaondoa sehemu ya opioidi tu, hivyo endelea na pumzi. WHO tangu 2014 inashauri dawa hii ifike kwa wenzake na familia, kwa kuwa wao ndio wanaokuwepo anapozima.

MsaidiziWaSheria_Ilala

Nashukuruni sana. Mtaani, nimekuelewa, la bomba linapanda juu. DirishaLaDozi, suala la mkojo: ukitoka chanya, hakimu afanye nini?

DirishaLaDozi

Kwanza ajue kinachopimwa. Kijiti cha kupimia opiati (heroini, mofini, kodeini) hakionyeshi methadoni, hiyo ina kijiti chake. Kwa hiyo mtu wa kliniki akiwa "chanya opiati" si methadoni yake, lakini inaweza kuwa dawa ya kikohozi au ya maumivu yenye kodeini. Alama ya heroini yenyewe hupotea ndani ya kama siku moja, mofini inayotokana nayo hubaki siku 2 hadi 4. Bangi kwa mvutaji wa kila siku inaweza kuonekana mwezi mzima baada ya kuacha, hivyo kumwadhibu mtu wiki ya tatu kwa bangi ni kumwadhibu kwa moshi wa zamani. Mkojo wenye kreatinini (taka ya kawaida ya mwili) chini ya miligramu 20 kwa desilita umechanganywa na maji au amekunywa maji mengi mno. Kijiti ni cha kuchuja tu. Kabla ya adhabu yoyote, sampuli ithibitishwe kwa kipimo kamili, kwetu hiyo ni kazi ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Na kitabibu, mkojo chanya miezi ya mwanzo mara nyingi unamaanisha dozi bado ndogo. Jibu ni kuongeza dozi. Tenganisheni vipimo: vya kliniki vibaki vya tiba, mahakama ikitaka vyake ichukue vyake. Mgonjwa akijua mkojo wa dirishani unaenda kwa hakimu, ataficha na Valium aliyokunywa asubuhi, na hiyo ndiyo tunayohitaji kuijua kabla ya kumpa dozi.

Wakili_Kisutu

Nakubaliana na Mtaani kuhusu mpangilio. Hata Ureno haikupitia mahakamani: tangu Julai 2001 mwenye kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10, kwa heroini gramu 1, anapelekwa mbele ya kamisheni ya watu 3, ndani ya saa 72, na asiye mraibu mara nyingi shauri lake linasimamishwa tu.

Kwa Tanzania Bara usisubiri mahakama mpya. Kuachiwa kwa masharti chini ya kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu hakufai kubeba tiba, sharti lake ni kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Amri ya uangalizi (probation) inabeba zaidi, na hutolewa baada ya mshtakiwa kuelezwa masharti akakubali. Rasimu ya sharti ningeiandika hivi: "Mshtakiwa atahudhuria kliniki ya methadoni atakayopangiwa. Dozi, muda na namna ya tiba vitaamuliwa na kliniki. Kliniki itatoa taarifa ya mahudhurio pekee, mara moja kwa mwezi. Kutumia dawa za kulevya wakati wa tiba hakutahesabiwa peke yake kuwa ukiukaji wa amri hii. Akiwekwa mahabusu kwa sababu yoyote, kliniki itaarifiwa siku hiyo hiyo na dozi yake haitakatizwa."

Sentensi ya mwisho ndiyo watakayoikataa kwanza, kwa sababu inahitaji gari na muuguzi. Nenda na barua ya kliniki inayoeleza nani ataibeba dozi na saa ngapi.