Tupeane uzoefu: kuchagua kabureta mbadala kwa gari la zamani linalotembea kila siku

Mia na Tisa (Moshi)

Wadau, salaam. Naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo linalomfika kila mwenye gari la zamani: kabureta iliyokuja na gari (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) imechoka, na sasa inabidi aamue kama ataifufua, atanunua mpya ya aina ileile, au ataweka ya aina nyingine kabisa. Nazungumzia magari ya kwenda kazini na sokoni, si ya mashindano, kwa hiyo ninachotafuta ni gari linalowaka asubuhi, linalotulia kwenye sailensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta) na lisilokunywa petroli kupita kiasi.

Gari langu ni Land Rover Series III yenye injini ya petroli ya lita 2.25, na kabureta yake ni Zenith 36 IV. Ugonjwa wa kabureta hii unajulikana: kifuniko cha juu hupinda kwa joto na kwa kukazwa mno, oringi (pete ya mpira) iliyo chini yake huchoka, kisha petroli hupita pasipotakiwa. Moshi unakuwa mweusi na injini inazima kila ninaposimama. Mafundi wengi wa huku wanapendekeza Weber 34 ICH, ambayo ina vipande vichache na haili sana, ingawa wanakiri kwamba nguvu ya kupandia mlima hupungua kidogo. Kabla sijatoa fedha ningependa kuwasikia waliokaa na kabureta mbadala kwa muda mrefu. Tafadhali tajeni injini na mahali mnapoendeshea, kwa sababu ushauri usio na hayo mawili haunisaidii.

Kobe wa Tanga

Mkuu, mimi naendesha Volkswagen Beetle yenye injini ya 1600 ya matundu mawili kila upande, ambayo kabureta yake ya asili ni Solex 34 PICT-3. Ilipolegea shafti ya throtoli (bamba linalofungua na kufunga njia ya hewa) niliinunulia nyingine ya namba ileile, na jambo lililonishangaza ni kwamba uamuzi mgumu haukuwa wa kabureta bali wa distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi.

Beetle nyingi hapa zilikwishawekewa distribyuta ya Bosch 009, ambayo huwahisha cheche kwa mzunguko wa injini peke yake, bila bomba la vakyumu (mvuto wa hewa) kutoka kwenye kabureta. Ukiiunganisha na 34 PICT-3, gari husita kila unapokanyaga mafuta kutoka kwenye sailensa, na fundi asiyejua hilo atabadilisha jeti (vitundu vinavyopimia petroli) mpaka achoke. Nilipoweka distribyuta yenye kopo la vakyumu, kusita kule kulikwisha bila kugusa jeti hata moja. Anayetaka kubaki na 009 atapata afueni akitumia 30 PICT, ambayo koo lake, yaani njia ya hewa, ni dogo zaidi (milimita 24 badala ya 26), lakini atahitaji kipande cha kuunganishia, kwa kuwa bolti zake hazilingani na manifodi ya 34 (bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye injini).

Jambo la pili ni marekebisho. Kwenye 34 PICT-3 sailensa hairekebishwi kwa skrubu inayosukuma mkono wa throtoli. Kuna skrubu mbili ubavuni: kubwa ni ya mwendo wa sailensa, ndogo ni ya mchanganyiko. Ukiipandisha sailensa kwa ile ya throtoli, bamba linafunguka kupita kiasi, tundu la vakyumu linakaa wazi, na distribyuta inawahisha cheche wakati haijatakiwa kufanya hivyo. Nimeona kabureta mpya kabisa zikirudishwa dukani kama mbovu kwa sababu hiyo tu. Mwenye Beetle ya zamani ya volti 6 aangalie pia volti ya choki na ya valvu ya kukatia mafuta kabla hajalipa, kwa maana nyingi zinazouzwa ni za volti 12.

Datsun ya Nakuru

Shukrani, Kobe. Mimi nina Datsun 160J, injini ya L16, nayo niliivua Hitachi nikaiwekea Weber 32/36 DGV. Nilichokipenda ni kwamba ina koo mbili zisizofunguka pamoja: la milimita 32 hufanya kazi peke yake ukienda taratibu, na la milimita 36 huingia ukikanyaga sana. Mjini napita na koo moja, na nikipanda kuelekea Mau Summit ndipo la pili linapopata kazi.

Ila huku juu hewa ni nyepesi. Jeti zilizokuja nazo zilikuwa za mahali pa chini, plagi zikawa nyeusi kama sufuria ya kuni. Namba ya jeti ya Weber ni kipenyo katika sehemu za mia za milimita, yaani 140 ni milimita 1.40, kwa hiyo niliteremka hatua ndogo ndogo mpaka plagi zikawa za rangi ya kahawia. Anayeishi Mombasa asiige jeti zangu.

Angalieni pia pampu. Weber hii haitaki presha inayozidi psi 3.5, na pampu nyingi za umeme zinazouzwa huku ni za magari ya injekta. Ukifunga moja ya hizo bila kipunguza presha, valvu ya boya inashindwa kuzuia na petroli inamwagika juu ya manifodi yenye moto.

Mnyamwezi wa Minnesota

Huku Marekani shida ni kinyume: kila mtu anataka kubwa. Ninayo Ford Mustang yenye V8 ya lita 4.7, na dukani nilishawishiwa kuchukua kabureta ya CFM 750 (futi za ujazo za hewa kwa dakika). Nilipiga hesabu kwanza. Injini ya mipigo minne huvuta ujazo wake mara moja kila mizunguko miwili, hivyo kwa mizunguko 5,000 kwa dakika ni lita 11,750 za hewa kwa dakika, na kwa kuwa silinda hazijai kabisa, tuseme asilimia 80, ni lita 9,400, yaani takriban CFM 330. Nikachukua Edelbrock ya 500 yenye choki ya umeme. Kabureta kubwa mno hupunguza kasi ya hewa kooni, na hewa inayotambaa hainyonyi petroli vizuri mguu unapokuwa mwepesi. Hesabu hiyohiyo kwa Beetle ya Kobe haifiki CFM 120.

Fundi Mstaafu (Morogoro)

Mia na Tisa, usikimbilie Weber. Vua kifuniko cha Zenith, weka rula ya chuma juu ya uso wake, kisha jaribu kupitisha karatasi chini yake. Ikipita, tandaza msasa laini juu ya kioo kinene, usugue kifuniko kwa mwendo wa namba nane mpaka uso wote ung'ae sawasawa, na ubadilishe oringi. Halafu shika shafti ya throtoli uitikise. Ikicheza, hewa inaingia pembeni na hakuna marekebisho ya skrubu yatakayoiponya; hapo nenda kwa mchongaji akuwekee bushi (pete ya chuma ya kuziba uwazi), au ndipo ununue Weber. Ukinunua, hakikisha imekuja na bamba la chini, kiwiko cha hewa na vyuma vya kuunganishia pedali, maana gharama ya kuvitengenezea gereji inaweza kufuta unafuu wote wa bei.

Mia na Tisa (Moshi)

Asante, mzee wangu. Karatasi imepita upande wa mbele, na shafti haichezi. Nimeshanunua msasa na oringi, Weber itasubiri.