Nataka kujifunza kuchanganya mvinyo nikiwa hapa Tabora, nianzie wapi?

Mwana wa Isevya

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Tabora mjini, umri umeshavuka arobaini, kazi yangu ni hesabu za vyama vya ushirika vya tumbaku. Mvinyo naupenda tangu ujana. Chupa moja mimi na mama watoto tunaipeleka siku mbili tatu, tunakunywa na chakula, tunaiongelea. Ni burudani yetu ya ndani.

Hivi karibuni nilisoma mgongoni mwa chupa ya Afrika Kusini nikakuta zabibu tatu zimetajwa pamoja na asilimia zake: Cabernet Sauvignon, Merlot, na kidogo sana ya Petit Verdot. Swali likanikaa kichwani: nani aliamua kile kidogo kiwe kidogo vile? Aliachaje kuongeza? Nataka kuijua kazi hiyo kwa undani, hata kama sitamiliki shamba wala pipa maishani mwangu.

Sasa wadau, inawezekana kujifunza bila kuwa kiwandani? Nikichanganya chupa mbili za dukani hapa nyumbani nitajifunza kitu, au naharibu hela? Na nyekundu na nyeupe zinaruhusiwa kukutana? Mwenye kujua kozi pia anisaidie. Natanguliza shukrani.

Ghala la Hombolo

Kaka, karibu sana. Mimi niko kwenye matangi, kiwanda kimoja huku Dodoma, na swali lako limenifurahisha kwa sababu watu wengi huuliza bei tu.

Kwanza ondoa wazo kwamba mchanganyaji anatafuta maajabu. Anaziba mapengo. Chukua Cabernet Sauvignon peke yake: ukakasi wake unakamata ufizi, harufu imejaa, lakini ukiutuliza mdomoni, katikati unapwaya. Merlot ni laini na una nyama pale katikati. Ukiukutanisha na Cabernet, kila mmoja unamfichia mwenzake aibu. Petit Verdot una rangi nzito na ukakasi mwingi, ndiyo maana unatiwa kidogo. Ukizidisha, wenzake hawasikiki tena.

Na kule Bordeaux, Ufaransa, ambako mchanganyiko huo umetokea, hali ya hewa ilikuwa na sauti kubwa. Merlot hukomaa mapema kuliko Cabernet. Mvua za mwishoni mwa msimu zikiharibu Cabernet, Merlot umeshaingia ghalani. Baridi ya masika ikichoma machipukizi ya Merlot, Cabernet unaochelewa unaweza kupona. Mkulima alipanda aina kadhaa ili asilale njaa, kisha ulimi ukagundua kwamba zikiwa pamoja ni tamu zaidi. Kwa hiyo asilimia unazoziona kwenye chupa hazidumu, mwaka hadi mwaka zinabadilika kufuata shamba lilichotoa.

Sisi huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi nyingi za mvinyo hazina. Tatizo la joto ni kwamba sukari inapanda kwenye zabibu huku uchachu ukishuka. Ndiyo maana aina kama Chenin Blanc ina heshima kubwa kwetu, inashikilia uchachu wake hata jua likiwaka.

Haya, zoezi lenyewe. Nunua chupa mbili za mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, Cabernet moja na Merlot moja, bei ya kawaida. Usianze na mvinyo mtamu, sukari inafunika kila kitu. Nenda duka la dawa ukanunue mabomba mawili ya sindano ya mililita 20, mapya, bila sindano. Panga glasi tano zinazofanana. Ya kwanza Cabernet mtupu mililita 20, ya pili 15 kwa 5, ya tatu nusu kwa nusu, ya nne 5 kwa 15, ya tano Merlot mtupu. Bandika namba chini ya kitako, mkeo azizungushe usijue ipi ni ipi. Kila mmoja aandike kwenye karatasi yake KABLA ya kuongea, maana mmoja akitamka "naisikia karafuu" basi meza nzima itaisikia karafuu.

Ukishapata unayoipenda, gawanya tena pale pale. Kama ni 15 kwa 5, jaribu 16 kwa 4, kisha 14 kwa 6. Hapo ndipo utaona tone linavyogeuza glasi.

Onyo moja: changanya cha kunywa usiku huo huo. Usirudishe kwenye chupa na kuziba. Ukiwa umechanganya mkavu na wenye sukari, na chachu ikawa bado hai mle ndani, itaanza kazi upya, gesi itajaa, chupa inaweza kupasuka kabatini.

Nyekundu na nyeupe? Zinakutana bila shida. Côte-Rôtie ya Ufaransa ni Syrah nyekundu, na sheria yao inaruhusu hadi asilimia 20 ya Viognier, zabibu nyeupe, zichachuke pamoja. Hata Champagne ya waridi mara nyingi hupatikana kwa kutia mvinyo mwekundu kidogo kwenye mweupe.

Bint Ujiji

Nawasalimu kutoka Kigoma. Kaka wa Isevya, kabla ya kuchanganya chunga chupa yenyewe imepitia nini. Mizigo yetu inasafiri mbali, halafu dukani inapangwa dirishani jua likiipiga toka asubuhi. Mimi siku zote namwomba muuzaji anipe ya ndani, iliyoko kivulini. Mvinyo uliopikwa na jua unanukia kama jemu iliyoungua na matunda yake yamekufa. Ukichanganya huo utajifunza uongo.

Nyumbani weka chumba chenye giza, sakafuni, mbali na jiko. Yenye kizibo cha gome ilaze ili kizibo kisikauke. Na huo mwekundu, kwa joto letu la Oktoba, uweke kwenye friji nusu saa kabla ya kunywa. Watu wanasoma "mwekundu unywewe kwa joto la chumba" wanasahau kwamba chumba kilichokusudiwa ni cha nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha nani Kigoma kina nyuzi 18?

Kingine, onja ukiwa na chakula chako mwenyewe. Mimi mgebuka wa kuchoma na ndimu nampa Chenin Blanc mkavu. Mwekundu wenye ukakasi ukikutana na mafuta ya samaki unaacha ladha ya chuma mdomoni. Jaribu, utanikumbuka.

Mama Kiloleni

Mwanangu, mimi sinywi lakini nimesoma hadi hapa. Glasi tano ukizimaliza huo tena ni ulevi. Weka ndoo.

Ghala la Hombolo

Mama, shikamoo. Ni kweli kabisa, nilipaswa kuanza na hilo. Kazini tunaonja asubuhi na tunatema kila funda. Ulimi uliolewa haupimi kitu. Na maji ya kunywa pembeni, na mkate mkavu.

Nyuki wa Sikonge

Wakuu, mimi naongeza la kwetu. Huyu ndugu hajui kwamba anaishi katikati ya shule. Watu wa Ulaya wananunua visanduku vya vichupa vya harufu kwa bei ya ajabu ili wajifunze harufu za mvinyo. Mwekundu uliokaa kwenye pipa mara nyingi husifiwa kwa harufu ya tumbaku kavu. Ndugu, ingia ghala la tumbaku uvute pumzi, kazi yako imeshakuweka pale! Asali ya miyombo iliyokolea weka pembeni ya mvinyo mweupe uliozeeka unuse kimoja kimoja. Karafuu na pilipili manga ziko sokoni. Tafuna zambarau ambazo hazijaiva vizuri, ule mdomo unaokunjamana ndio ukakasi wanaousema. Ukwaju utakufundisha uchachu. Ukiweza kutenganisha uchachu na ukakasi, umeshavuka mto mkubwa, wengi wanavichanganya.

Halafu usiidharau rozela. Mimi natengeneza ya nyumbani kidogo. Mvinyo wa rozela una rangi nyekundu ya kupendeza na uchachu mkali mno. Wa asali ni laini mdomoni, una harufu, lakini umelegea, hauna uchachu wala ukakasi. Ukianza na sehemu mbili za asali kwa moja ya rozela, vinashikana. Hesabu ile ile ya Cabernet na Merlot, viungo vya Tabora. Ila ukitaka kuuza fuata leseni na TBS wa viwango, na SIDO wa viwanda vidogo wapo mkoani kwa ushauri wa usindikaji.

Mwanafunzi wa Glasi

Kuhusu kozi: tafuta WSET, taasisi ya mafunzo ya mvinyo. Makao yao ni London, walianza 1969, na wana ngazi zinazopanda kutoka ya 1, unaweza kusoma kwa mtandao. Ni Kiingereza na ni hela, kwa hiyo fanya kwanza mazoezi ya wakuu hapo juu kwa muda, uone kama hamu bado ipo. Faida kubwa niliyoipata ni mpangilio wa kuonja: rangi, harufu, utamu, uchachu, ukakasi, kilevi, uzito, na ladha inabaki mdomoni muda gani. Mpangilio huo uandike kwenye daftari la shule, ukurasa mmoja kwa chupa moja.

Na ukikutana na chupa ya Afrika Kusini yenye Pinotage ndani ya mchanganyiko, inunue. Pinotage ilizalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kukutanisha Pinot Noir na Cinsaut. Utakuwa unaonja zabibu ya bara letu.

Mwana wa Isevya

Nimefarijika sana, Mungu awabariki. Mabomba nimeshanunua, ndoo ipo. Mkuu wa Hombolo, swali la mwisho: ukiwa kwenye matangi, unajuaje kwamba sasa imetosha?

Ghala la Hombolo

Kaka, kwanza hesabu. Tuseme una mvinyo wa kilevi asilimia 14 na mwingine wa 11, unataka 13. Kutoka 11 hadi 13 ni 2, hizo ndizo sehemu za ule wa 14. Kutoka 13 hadi 14 ni 1, hiyo ndiyo sehemu ya ule wa 11. Mbili kwa moja. Hilo kwa mhasibu ni chai.

Baada ya hapo ni ulimi. Tunaandaa sampuli, tunaziacha zikae hadi kesho, kwa sababu mvinyo uliochanganywa sasa hivi bado unagombana. Kesho yake tunaonja bila kujua namba. Ile ambayo hakuna anayeweza kutaja zabibu iliyojitokeza kuliko wenzake, na bado kila mtu anataka funda la pili, hiyo tunaipeleka tangini. Kama wawili wanabishana, tunarudi nyuma nusu hatua na kuonja tena.

Ukimaliza zoezi la kwanza weka matokeo yako hapa, namba na maandishi ya wote wawili, hasa pale wewe na shemeji mtakapotofautiana.