Mjadala: Je, ni haki ramani za DCS World ziuzwe kama ndege zinavyouzwa?

Ndugu wachangiaji,

Kila suala la bei za DCS World, mchezo wa kompyuta wa kuigiza urushaji wa ndege za kivita, linapozuka, hujibiwa kwamba mchezo wenyewe ni wa bure, hivyo asiyetaka kulipa asilalamike. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini linachanganya vitu viwili visivyofanana: ndege, na ramani, yaani maeneo ya dunia ambayo ndege hizo huruka juu yake.

Kampuni ya Eagle Dynamics hutoa bila malipo ndege mbili, Su-25T ya kushambulia ardhini na TF-51D ya mafunzo, pamoja na ramani ya Caucasus, na mwaka 2021 ikaongeza ramani ya visiwa vya Mariana. Ukizikagua ndege hizo utaiona hesabu ya mfanyabiashara: TF-51D ina chumba cha rubani ambacho swichi zake hubofywa kwa kipanya, ila haina hata risasi moja, Su-25T ina makombora ya kuvunja vifaru, ila swichi zake hazibofyeki, na kazi yote hufanywa kwa kibodi au usukani. Mteja huonjeshwa nusu huku na nusu kule, kisha huelekezwa dukani kwenye ndege za kivita za kulipia kama F/A-18C au F-16C. Mimi sioni ubaya katika hilo, kwa kuwa kuunda rada, injini na silaha za ndege moja ni kazi ya miaka, na asiyeinunua bado anaweza kuruka na ndege yake ya bure sambamba na aliyeinunua, mradi mwenye seva (kompyuta inayowakutanisha wachezaji mtandaoni) ameiwekea nafasi.

Ramani ni jambo jingine. Seva ikihamia ramani ya Ghuba ya Uajemi, yenye Dubai, Khasab ya Oman na Bandar Abbas, asiye nayo haingii kabisa, hata kama amekwisha kulipia ndege tano. (Mkazi wa Dubai, basi, huruka bure juu ya Georgia, iliyo katika ramani ya Caucasus, lakini kuruka juu ya mtaa wake mwenyewe sharti alipe.) Kikundi cha marafiki hulazimika kumfuata mwenye ramani chache, au kumwacha nje.

Wapo wanaosema kwamba jaribio la bure la siku 14, ambalo mchezaji hupewa kabla ya kununua, linatosha. Linamfaa anayepima kabla ya kununua. Halimfai anayetaka kuruka na wenzake kila Ijumaa. Hoja yenye uzito ni ya mapato, kwa sababu ramani nyingine hutengenezwa na kampuni za nje, kama Syria ya Ugra Media, ambazo haziwezi kutegemea mauzo ya ndege za wengine kufidia gharama zao.

Kwa hiyo siombi ramani zote zitolewe bure. Napendekeza kwamba asiye na ramani aruhusiwe kuingia katika seva ya mwenye nayo, ila asiweze kuitumia akiwa peke yake wala kujitungia misheni juu yake. Wanaodhani utaratibu huo utaua mauzo watueleze ni kwa nini mtu aliyekwisha kuizoea ramani pamoja na wenzake asitake kuimiliki.