Re: "Gone off" ni imezima au imelia?

Kutoka: Mlezi wa Leeds

Habari za jioni wote, na shikamooni wakubwa.

Nimetoka zamu ya usiku, macho mazito, lakini nisiposema leo nitapasuka. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Uingereza, huu mwezi wa nne. Kuna bibi mmoja hatakiwi kushuka kitandani peke yake, kwa hiyo sakafuni pembeni ya kitanda pamewekwa mkeka wenye kengele. Akiukanyaga tu, sisi tunasikia. Juzi saa tisa usiku mwenzangu kanipigia kelele kutoka jikoni, mikono imejaa vikombe: "Her mat's gone off!" Mimi nikajua mkeka umezima. "Off" kwenye swichi ya taa tangu nizaliwe ni kuzima, au siyo? Nikaenda stoo kutafuta betri. Narudi nayo, namkuta bibi koridoni, peku, kashika ukuta, ananiuliza basi la mjini limeshapita?

Hakuanguka, alhamdulillahi. Asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu meneja akataka kujua kwa nini niliitwa chumbani nikaenda stoo. Niliona aibu kusema kwamba maneno mawili tu yamenishinda, mimi niliyepata B ya Kiingereza kidato cha nne. Na siku hiyohiyo nikaambiwa maziwa "has gone off", nikaenda kukagua waya wa friji!

Hivi vimkia vya "off", "up", "out", nyie mlivizoea vipi?

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Reading

Pole sana, binti yangu. Aibu iache. Mwaka 1755 Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza, aliandika kwenye utangulizi kwamba hapo ndipo wageni wanapotaabika kuliko popote. Mwenye lugha mwenyewe kakiri.

Ila hilo jina la vimkia nalikataa. Mbuzi ukimkata mkia anabaki mbuzi. Hapa ukikata "off" hubaki na kitu. Tazama kwetu: huyu anasema amehama, yule anasema amehamia. Tofauti ni herufi moja, lakini mmoja anatoa vyombo nje na mwingine anaviingiza ndani. Funga na fungua, vaa na vua, choma na chomoa, ni mchezo uleule. Mgeni akikuuliza hiyo "-ua" ya mwisho ina kazi gani, utamjibu haraka kwamba inatendua. Sawa. "Chukua" inatendua nini? "Nunua" je? Hapo utakuna kichwa, na ndivyo Mwingereza anavyokuna kichwa ukimuuliza kuhusu "off".

Mimi "off" huwa naifikiria kama kuachana, kitu kubanduka mahali pake. Unavua viatu, "take off". Ndege inabanduka ardhini, "take off" tena. Unamshusha mtoto shuleni, "drop off". Na kengele? Kengele ni kama mtego: imetegwa, inasubiri, mguu ukigusa inafyatuka. Bunduki nayo hivyo, bomu hivyo. "Go off" ya kengele ni kufyatuka. Maziwa yameachana na hali yake njema, yamechacha. Sikuahidi kwamba hesabu hii itatoka kila mara.

Jambo jingine, ambalo shuleni tulilipita mbiombio. Ukitumia "it" au "him", kineno hicho kinabanwa katikati: "turn it off", "pick him up". Kamwe si "turn off it". Sisi tunamtia mtendwa tumboni mwa kitenzi, "nimemchukua", wao wanambana kati ya kitenzi na mwenzake. Lakini "look after him" haigawanyiki, usijaribu kusema "look him after". Na unaposikiliza, hasa kwenye simu, usilale kabla ya mwisho: katika "turn it off" uzito wa sauti unaangukia "off". Wengi wetu tukishasikia kitenzi tunadhani tumeshapata habari.

Kutoka: Mtu wa depo, Louisville

Jambo wandugu. Dada wa Leeds, hiyo "off" imeniumiza na mimi, tena mfukoni.

Nilikuwa napanga maboksi kwenye depo moja hapa Kentucky. Siku moja bosi akatuita watu kumi na wawili, akasema "We have to lay you off." Mimi nikasikia "off" tu. Kwenye ratiba yetu "off" ni siku ya kupumzika. Nikamshukuru! "Thank you, boss." Mwenzangu mmoja alinitazama kama nimerukwa na akili. Nikalala vizuri siku mbili, Jumatatu nikarudi kazini, kadi ya mlango ikagoma, taa nyekundu. Mlinzi ndiye aliyenieleza kwamba kazi imeisha.

Nawaambia wengine hili: "laid off" siyo "fired". "Fired" kwa kawaida ni umefukuzwa, mara nyingi kwa kosa. "Laid off" ni kazi imepungua, wewe huna hatia. Marekani mafao ya kukosa kazi kwa kawaida ni ya yule aliyepoteza kazi bila kosa lake, na wiki zinaanza kuhesabiwa tangu unapoomba. Mimi nilichelewa kuomba kwa kuwa sikujua nimepatwa na nini. Bosi akitamka neno lolote lenye "off", muulize palepale: narudi lini?

Sisi tuliosomea Kongo tuna mtego mwingine, Kifaransa. Kule "supporter" ni kuvumilia. Jirani alikuwa anapiga muziki mpaka usiku wa manane, nikamwambia mwenye nyumba "I cannot support this noise." Akanijibu kwamba hakuna aliyeniomba niuunge mkono. Wao kuvumilia wanasema "put up with", maneno matatu kwa ajili ya shida moja.

Kutoka: Mkenya wa Minneapolis

Wadau, huyu wa "Thank you, boss" amenimaliza. Pole ndugu, nacheka lakini pole.

Yetu sisi Wakenya ni kukata. Nyumbani unasema "pick me at the stage", "drop me hapo kwa mlango", na kila mtu anaelewa. Hapa nilimwandikia mtu wa kazini "pick me at six", akajibu "Pick you for what?" Bila "up" inakuwa ni kuchagua. Na "drop me" bila "off" ni uniangushe chini.

Lakini kali ni ya shangazi yangu. Mwanawe alimaliza mafunzo ya jeshi huko nyumbani, na mnajua sherehe hiyo inaitwa "passing-out parade", neno tuliloachiwa na Waingereza. Shangazi akasimama kanisani hapa, kitenge kipya, akatangaza: "My son passed out on Friday, praise God!" Kanisa kimya. Pasta akashuka madhabahuni, akamshika mkono, akaanza kumwombea kijana apone. Huku "pass out" ni kuzimia. Shangazi naye, kwa kuwa ni maombi, akafumba macho akaitikia amina.

Kutoka: Nesi wa Birmingham

Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, hiyo habari ya mtego ni tamu lakini saa tisa usiku haina nafasi. Mtu ana sekunde mbili.

Dada, Kiingereza tulichosoma ni cha vitabu. Tunajua "postpone", "investigate", "tolerate", "extinguish". Wodini hawasemi hivyo, wanasema "put off", "look into", "put up with", "put out". Basi tumia hicho cha kitabu kama kipimo. Ukiambiwa "They've put it off", mrudishie: "Postponed?" Ukiambiwa mkeka "has gone off", uliza "Is it ringing?" huku miguu inaelekea chumbani. Hakuna atakayekuona mjinga, atadhani unahakikisha, na kwenye kazi yetu kuhakikisha ni sifa. Kwenye ripoti pia andika ya kitabu, "the alarm sounded", halafu saa.

Zile orodha ndefu za kwenye simu usijisumbue nazo. Chukua daftari dogo, andika sentensi nzima uliyoisikia na uliyesikia kwake. "She's off her food", hana hamu ya kula. "He's nodded off", kasinzia. "He's come round", kazinduka. "He brought it up" ni katapika, ila kwenye kikao cha familia hiyohiyo ni kalileta jambo mezani, kwa hiyo tazama uko wapi kabla hujakimbilia beseni.

Na fomu: Waingereza "fill in", Wamarekani "fill out". Ni fomu ileile, jaza tu.

Kutoka: Mlezi wa Leeds

Shikamoo mwalimu, asanteni nyote. Daftari nimenunua, la kuingia mfuko wa sare. Meneja nimemweleza ukweli, kumbe mlezi mwingine aliyetoka Poland naye mwaka wake wa kwanza alienda kutafuta betri ileile.

Leo bibi yule kaniita kabla hajalala: "Knock me up at seven, love." Nikafuata ushauri wa nesi, nikauliza "Wake you?" Ndiyo, anataka nimgongee mlango saa moja asubuhi nimwamshe. Nimeiandika ukurasa wa kwanza.

Kutoka: Mkenya wa Minneapolis

Dada, iache hapo ukurasa wa kwanza, lakini pembeni andika kwa wino mwekundu: ukija kututembelea Marekani, usimwombe mwenyeji wako hivyo. Huku ni kutiwa mimba.