Mizinga ya nyuki wadogo, mianzi au ukanda wa maua: kipi kinafaa shamba la pasheni na biringanya?

Mkulima_Mvomero
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nina shamba la ekari moja chini ya Milima ya Uluguru, lenye pasheni za njano, biringanya na maboga. Maua ni mengi, lakini matunda yanayoshika ni machache, na maboga machanga hunyauka siku chache baada ya ua kufunga. Nimeshauriwa ama ninunue mizinga ya nyuki wadogo wasiouma, ama nitundike vifurushi vya mianzi ili nyuki wa porini wazaliane ndani yake, ama niache ukanda wa maua kandokando ya shamba. Fedha niliyo nayo inatosha kuanza na jambo moja. Naomba mnisaidie kulinganisha.

Mfugaji_Kakamega
Mizinga ya nyuki wadogo ina faida ambayo hizo nyingine hazina, kwa kuwa utavuna asali yenye bei nzuri, na watoto wanaweza kucheza karibu nayo bila hatari. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, cha Nairobi, kimefundisha ufugaji huu kwa wakulima wanaopakana na Msitu wa Kakamega. Jambo moja tu nakusihi: usinunue kundi lililopatikana kwa kukata mti wa msituni, kwa sababu hapo utakuwa umeharibu makao ya wachavushaji wengine ili kupata mzinga mmoja.

Bi_Shambani
Kaka yangu wa Kakamega amesema kweli kuhusu asali, lakini swali ni matunda, nami ningependa tuanze na ua lenyewe. Pasheni ya njano haikubali chavua yake yenyewe, bali huhitaji chavua ya mche mwingine, na ua lake hufunguka karibu na adhuhuri na kufunga jioni. Sehemu ya kike imesimama juu kiasi kwamba nyuki mdogo hupita chini yake, akachukua chavua na kuondoka bila kuigusa. Anayeifanya kazi hiyo vizuri ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, ambaye mgongo wake hufika pale panapotakiwa. Inasikitisha kwamba wakulima wengi humuua wakidhani anaharibu nguzo za vichanja. Weka magogo makavu ya mti laini, yasiyotiwa dawa, karibu na kichanja, naye ataelekea kuzaliana humo badala ya kutoboa nguzo zako.

Ugani_Kajiado
Naongezea kuhusu biringanya, maana hapo tuna ushahidi wa nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka mashamba ya Nguruman, hapa Kajiado, ulionyesha kwamba biringanya huchavushwa na nyuki wa porini, hasa Xylocopa caffra, ambaye ni wa jamii hiyo aliyoitaja Bi Shambani, pamoja na nyuki mdogo aitwaye Macronomia rufipes. Ua la biringanya hutoa chavua kupitia vitundu vidogo, kwa hiyo nyuki hulazimika kulikumbatia na kulitetemesha kwa misuli ya mabawa ndipo chavua imwagike, na nyuki wa asali hana uwezo huo. Zaidi ya hayo, nyuki hao hawaishi kwa biringanya peke yake. Msimu ukiisha hutegemea maua ya vichakani, na penye vichaka vilivyofyekwa hawabaki. Ndiyo maana ningechagua ukanda wa maua.

Mkulima_Mvomero
Nashukuru sana. Je, mianzi niiache kabisa? Na ukanda huo niupande nini?

Bi_Shambani
Mianzi haina ubaya, ila huwasaidia wachache, hasa nyuki wakata-majani, na isipobadilishwa mara kwa mara hujaa ukungu na vimelea. Nyuki walio wengi duniani hujenga ardhini, hivyo kipande cha udongo mkavu usiolimwa wala kufunikwa kina thamani kuliko kifurushi kizuri cha mianzi. Kwenye ukanda panda marejea na mbaazi, ambazo nyuki wakubwa huzipenda na ambazo hurutubisha udongo, kisha ongeza mrehani na alizeti, na uache kivumbasi kichanue. Chagua mimea inayopokezana maua mwaka mzima. Wakati unasubiri, chavusha maboga kwa mkono alfajiri, kwa kupaka chavua ya ua dume kwenye ua jike lenye kiboga kidogo chini yake, na pasheni alasiri.

Ugani_Kajiado
Kuhusu dawa ya wadudu, kama unaitumia, usipulize asubuhi, kwa sababu ua la boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana, na nyuki wote huwa humo. Jioni ni afadhali, lakini si kwa kila dawa. Imidakloprid hupanda ndani ya mmea hadi kwenye chavua na nekta, kwa hiyo saa ya kupuliza haiwanusuru nyuki, na Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake katika mashamba ya wazi mwaka 2018. Soma jina la kiambato kwenye chupa uliyo nayo, ulitaje hapa, tuone kama kuna mbadala dukani kwenu.